KITANDA SI DAWA
Viungo vyetu, maumivu yake, na tiba ya mazoezi



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi za Ufipa halizungumzwi ila kwa mguno, nalo ni maumivu ya viungo na kupotewa na uwezo wa kwenda. Aijuaye nchi hii atafahamu mara moja kwa nini tumelichagua. Ufipa ni uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Inapofika miezi ya Juni na Julai baridi yake hupenya blanketi mbili, na mzee atokaye nyumbani alfajiri kwenda msikitini huenda akihesabu hatua. Tazameni safu wakati wa kuinuka kutoka katika sijida: huyu ameshika goti, yule ameshika kiuno, na wa tatu ameegemea bega la jirani yake. Wengine wamekwisha kuiacha safu, wakaketi vitini nyuma. Na wako ambao hatuwaoni tena msikitini kabisa, wamelala ndani, na sisi twaulizia habari zao tu, twajibiwa, "Yupo, twashukuru Mungu, lakini hainuki."

Hilo neno "hainuki" ndilo lililotusukuma kuandika. Maana katika wale wasioinuka wako ambao wangeliweza kuinuka, lau wangelipata mtu wa kuwafundisha namna ya kuinuka, na lau sisi wa nyumbani tungeliacha kuwalaza.

Watu wa kwetu wapatwapo na maumivu ya viungo, aghalabu huingia katika mojawapo ya makosa matatu. Kosa la kwanza ni kusema, "Huu ni uzee, hauna dawa." Kosa la pili ni kusema, "Huyu amerogwa," hasa pale mtu mzima wa afya anapoanguka ghafula na upande wake mmoja ukalegea; basi hupotea siku za thamani katika kumtafuta mbaya wake. Jina lenyewe la Sumbawanga, kama wenyeji wanavyolieleza, maana yake ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe kweli, wala tusiuweke uvunguni mwa kitanda cha mgonjwa. Kosa la tatu ni jema kwa sura yake, na kwa hiyo ndilo gumu kuliko yote kuliondoa: ni huruma ya kumlaza mgonjwa, kumfanyia kila kitu, na kumkataza asijitikise. Tutaonyesha hapa chini, Inshallah, jinsi huruma hiyo iwezavyo kumdhuru yule tumpendaye.

Tiba tunayoikusudia huitwa na waganga fiziotherapia, na wengine huiita tiba ya viungo. Mtaalamu wake hampasui mgonjwa, wala kazi yake kubwa si kutoa vidonge. Humchunguza mgonjwa jinsi anavyosimama, anavyoketi na anavyotembea. Huupima uwezo wa misuli yake na mkunjo wa viungo vyake. Kisha humpa mazoezi yaliyokadiriwa kwa ugonjwa wake, kama vile dawa inavyokadiriwa. Pengine hukanda, pengine hutumia joto au baridi, pengine humfundisha kutembea kwa gongo au kwa fremu. Lakini sehemu iliyo kubwa ya tiba hii hufanywa na mgonjwa mwenyewe, nyumbani kwake, kila siku.

Asifikiri mtu kwamba jambo hili ni geni kwa Waislamu. Tabibu wetu mashuhuri Abu Ali Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 hata 1037, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake Al-Qanun fi al-Tibb alizungumza juu ya riyadha, yaani mazoezi ya mwili, na juu ya kukanda, akayahesabu mazoezi kuwa katika misingi ya kuihifadhi afya. Kazi hii ilipata umbo lake la leo baadaye sana. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike katika mji wa London walianzisha chama cha kuitengeneza na kuilinda heshima ya kazi ya kukanda wagonjwa. Kisha vita vikuu viwili vya dunia viliacha vijana kwa maelfu waliokatika viungo, na ugonjwa wa polio uliacha watoto wenye miguu dhaifu, na haja ya wataalamu hawa ikazidi. Mwaka 1951 vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa shirikisho moja la dunia, na leo tarehe 8 Septemba ya kila mwaka huadhimishwa kuwa siku ya kazi hii.

Hapa kwetu Tanzania, wataalamu hawa wamekuwa wakifundishwa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1970. Huko huko Moshi, tangu mwaka 1981, kiko chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kutengeneza miguu ya bandia na vyuma vya kuimarisha viungo. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na iko pia hospitali ya CCBRT, ambayo shirika lake lilianzishwa mwaka 1994. Twayataja haya ili msomaji ajue kwamba hii ni elimu yenye vyuo na walimu, wala si kubahatisha.

Sasa na tuulize: inakuwaje kutikisika kukapunguza maumivu, ilhali akili ya kawaida husema kwamba kinachouma kisiguswe?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili kwa namna ya ajabu. Kiungo hakilishwi kwa kupumzika tu. Ile gegedu inayozifunika ncha za mifupa katika goti haina mishipa ya damu ya kuilisha; hupata chakula chake katika maji mazito yaliyomo ndani ya kiungo, na maji hayo huingia na kutoka pale kiungo kinapokunjwa na kunyoshwa. Misuli nayo, isipotumika, hupungua na kulegea, na kupungua kwake huanza katika siku chache tu za kulala kitandani. Misuli ikilegea, uzito wa mwili hukiangukia kiungo kitupu. Kiungo huuma zaidi. Mtu huogopa zaidi kukitumia. Nayo misuli huzidi kulegea. Hiyo ni duara ya taabu, na mazoezi ndiyo yanayoikata. Zaidi ya hayo, mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka habari za maumivu hujifunza kuogopa hata mwendo usio na madhara. Na mtu anapoutikisa mwili wake kidogo kidogo, bila ya kuumia, fahamu zake hujifunza upya kwamba hapana hatari. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaona ndivyo nguvu za mwili zinavyorudi.

Tuanze na mgongo, maana huo ndio mzigo wa nchi hii. Mfipa ni mkulima tangu kale. Wazee wake walivumbua kilimo cha intumba, yaani kuyakusanya majani na kuyafukia ndani ya matuta ya udongo yaoze, ili ardhi ipate rutuba. Na kazi hiyo ni ya kuinama kutwa nzima. Leo pia mahindi, ulezi na maharage hupaliliwa kwa jembe la mkono. Mama hubeba ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, kichwani, na pengine mtoto mgongoni. Kijana hupakia gunia la mahindi la kilo 100. Na aendaye Bonde la Rukwa kwa miguu huteremka na kupanda kuta za Lyamba lya Mfipa. Basi si ajabu mgongo ukalalamika. Wala si kwetu tu: Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba hakuna maradhi yanayowazuia watu kazi zao kuliko hayo.

Zamani waganga nao walikuwa wakimwambia mwenye mgongo alale wiki nzima. Uchunguzi mwingi ukaonyesha kwamba alalaye hukawia kupona kuliko aendeleaye na shughuli zake nyepesi. Kwa hiyo shauri la leo ni hili: mgongo ukishika, punguza kazi nzito, lakini usilale mchana kutwa. Tembea uani, kisha tembea hadi kwa jirani, kisha hadi msikitini. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikiwa chini, uinue nyonga polepole, uhesabu mpaka tano, ushushe. Fanya hivyo mara kumi. Uinuapo mzigo, kunja magoti na uukaribishe mzigo kifuani. Usiiname kama upinde na kuupinda mgongo kwa wakati mmoja. Na jembe lenye mpini mrefu humpunguzia mtu kuinama.

Hata hivyo, yako maumivu ya mgongo yasiyo ya kungoja wala ya kufanyia mazoezi kwanza. Mtu akipata ganzi katika mapaja kwa ndani na sehemu za siri, au akashindwa kuuzuia mkojo au choo, au miguu ikazidi kuishiwa nguvu, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kadhalika asikawie yule ambaye maumivu yake yamefuatana na homa, au kukonda bila sababu, au jasho la usiku, kwani kifua kikuu huweza kuingia hata katika mifupa ya uti wa mgongo. Na yule aliyeanguka kutoka juu ya mti au kutoka juu ya pikipiki.

Tuje katika magoti, na hapa tuna neno na wazee wetu wanaoswali vitini. Sheria yetu ni nyepesi na ina rehema. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Husain, naye alikuwa mgonjwa, kwamba asiyeweza kuswali kwa kusimama aswali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Basi mzee aliyeketi kitini kwa udhuru wa kweli asionewe haya, wala kijana asimtazame kwa jicho la dharau. Lakini ruhusa hiyo ilitolewa kwa ajili ya kutokuweza. Na kutokuweza kwingine kunatibika. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, akatueleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuleta ugonjwa ila ameuletea dawa yake, na amemfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Mzee wetu, umekwisha kumfunga ngamia wako? Au umesema tu kwamba ni uzee, ukakaa?

Maumivu ya magoti ya uzeeni mara nyingi hupungua misuli ya mapaja inapotiwa nguvu. Kwa mfano, keti mkekani, nyosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, ulikandamize taulo hilo kwa goti, uhesabu mpaka tano, kisha uachie; mara kumi kwa kila mguu. Ukiwa na nguvu zaidi, keti juu ya kiti kilichoegemezwa ukutani, usimame polepole bila kujivuta kwa mikono, kisha uketi polepole; anza kwa mara tano asubuhi na tano jioni. Maumivu madogo wakati wa mazoezi si ya kuogofya. Lakini ikiwa kesho yake goti limevimba au lauma kuliko jana, umezidisha, punguza. Na goti lililovimba ghafula, likawa la moto, likafuatana na homa, halina mazoezi. Ni la hospitali.

Hatusemi kwamba kila aketiye kitini atarudi kusujudu juu ya mkeka. Wako ambao goti lao limekwisha mno. Twasema kwamba wengi hawajajaribu. Na mtu aliyejaribu akashindwa ana udhuru ulio bora mbele ya nafsi yake kuliko asiyejaribu.

Sasa twafika katika jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni kiharusi. Mfano tutakaoutoa si wa nyumba moja tuijuayo kwa jina. Ni wa nyumba nyingi, na kila msomaji ataona kama kwamba twaisema yake.

Na tuseme yuko bibi katika kijiji kilicho chini ya milima ya Mbizi. Ni mtu wa shamba, mwenye wana na wakaza wana na wajukuu. Asubuhi moja anakwenda kuchukua udhu, mara anaanguka; mdomo umekwenda upande, mkono wa kushoto umelegea, maneno hayatoki sawasawa. Ikiwa nyumba hiyo imejaliwa, humpeleka hospitali saa hiyo hiyo, maana katika kiharusi kila saa ipoteayo huondoka na sehemu ya ubongo. Anatibiwa, shinikizo la damu linashushwa, anarudi nyumbani akiwa hai. Watu wote wanashukuru. Na hapo ndipo kazi inapoanza, ilhali sisi twadhani imekwisha.

Wana wanakutana na kusema, "Mama ametuhangaikia maisha yake yote, sasa ni zamu yetu." Neno hilo ni la kweli na thawabu yake ni kubwa. Bibi anawekewa godoro zuri. Analishwa kwa kijiko, ingawa mkono wake wa kulia ni mzima. Anapotaka kujisogeza anaambiwa, "Tulia, Bibi, usijichoshe, sisi tupo." Akiinuliwa, huvutwa kwa mkono ule uliolegea. Baada ya miezi mitatu mkono umejikunja kifuani na vidole vimefumba, havifumbuki tena. Bega lauma mchana na usiku. Kisigino na nyonga vina vidonda vya kulalia. Na mguu ambao labda ungelibeba mwili umekuwa mwembamba kama mpini. Hapana aliyemtendea ubaya. Wote walimpenda. Lakini ugonjwa ulichukua nusu, na kitanda kikachukua nusu iliyobaki.

Tungelifanya nini? Kwanza tujue kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, lakini sehemu zilizobaki zaweza kujifunza kazi mpya, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Na hazijifunzi ila kwa kurudia jambo mara nyingi. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali, mwana mmoja wa nyumba aseme, "Daktari, twaomba mtaalamu wa tiba ya viungo atuonyeshe namna ya kumhudumia." Na huyo aonyeshwaye awe ndiye atakayekaa na mgonjwa, asiwe yule atakayerudi mjini kesho.

Pili, mgonjwa asipewe uji wala maji mpaka hospitali imehakikisha kwamba anameza vizuri. Naye alishwe akiwa ameketi, asiwe amelala, ili chakula kisiingie katika mapafu. Tatu, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake itazamwe kila siku. Nne, mkono uliolegea usivutwe hata mara moja. Uwekwe juu ya mto alalapo na aketipo, na atakayemwinua amshike kiwiliwili. Tano, viungo vya upande uliolegea vikunjwe na kunyoshwa kwa upole kila siku, kwa jinsi mtaalamu alivyoonyesha, ili visikakamae. Sita, na hili ndilo gumu kwa wenye huruma: aachwe afanye mwenyewe kila awezalo. Ashike kikombe mwenyewe, ingawa atamwaga. Ajifute uso mwenyewe. Vitu vyake viwekwe upande ule dhaifu, ili fahamu zake ziukumbuke. Aketishwe ukingoni mwa kitanda, kisha asimamishwe, watu wawili wakiwa kando, kisha ajaribu hatua.

Bibi wa mfano wetu, akitendewa hivi, huenda baada ya miezi sita mkono wake wa kushoto bado ukawa mzito. Hatutaki kuwaahidi watu yaliyo katika uwezo wa Mungu peke yake. Lakini huenda akasimama mwenyewe kwa kushika ukuta, akaenda chooni kwa gongo bila ya mtu kumwona, na akalirudia birika lake la udhu akajimiminia maji kwa mkono wake. Mtu mzima na afikiri, ni ipi thamani ya kwenda chooni peke yako na kuchukua udhu kwa mkono wako. Hiyo ndiyo tofauti tunayoizungumzia tangu mwanzo wa makala haya.

Tusiwasahau watoto. Kila mahali duniani, katika watoto elfu moja wanaozaliwa, kiasi cha mmoja huzaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, ambazo huitwa mguu kifundo. Zamani mtoto huyo alifichwa, akakua akitembelea upande wa mguu. Leo iko njia iliyoletwa na daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani: mguu wa mtoto hunyoshwa kwa mikono na kufungwa plasta ngumu, ile iitwayo hogo, na plasta hubadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, aghalabu hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha mtoto huvaa viatu maalumu vyenye chuma katikati, kwanza karibu saa zote, na baadaye wakati wa kulala tu, hata miaka minne au mitano. Samaki mkunje angali mbichi: kazi hii ifaavyo ni kuanza katika wiki za mwanzo. Na wazazi wengi huharibu mwishoni, wakiona mguu umenyoka huviacha viatu, nao mguu hurudi ulivyokuwa. Basi mtoto mwenye kasoro hii asifichwe. Aonyeshwe kwa mganga wa hospitali mapema.

Neno moja pia juu ya waliovunjika, kwa kuwa pikipiki zimekuwa nyingi barabarani. Mfupa uliovunjika usikandwe kwa maji ya moto wala kuvutwa na asiyejua; ufungwe hospitali kwanza. Lakini plasta inapofunguliwa, na mguu ukaonekana mwembamba na mkavu, huo si mwisho wa tiba. Uliza mazoezi. Vijana wengi huchechemea maisha yao yote si kwa sababu mfupa haukuunga, bali kwa sababu kiungo kilikakamaa na hapana aliyewaambia wakitumie.

Iko pia haya, ambayo ni sifa njema ya Muislamu, lakini pengine humzuia mama kupata tiba. Mume husema, "Mke wangu hataguswa na mwanamume." Maulamaa wetu wamekwisha kulieleza jambo la dharura: mwanamke aulizie kwanza mtaalamu wa kike, asipopatikana, yajuzu atibiwe na mwanamume mwaminifu, mbele ya mume wake au maharimu yake au mwanamke mwenziwe, na ifunuliwe ile sehemu tu inayohitajiwa. Mazoezi mengi yaweza kufanywa naye akiwa amevaa nguo zake zote. Na ni bora zaidi mabinti zetu wanaosoma sayansi waikumbuke kazi hii, ili dada zao wasipate taabu hiyo kesho.

Mwisho ni umbali. Kutoka Sumbawanga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hatuwezi kumwambia kila mwenye goti apande basi. Mtu na aanzie karibu: kituo chake cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini Sumbawanga, akiuliza kwa jina, "Natafuta tiba ya viungo, fiziotherapia." Na ajaliwapo kumwona mtaalamu, hata kwa siku moja, aende na kijana wa nyumbani mwenye akili ya kushika. Kijana ayaandike mazoezi katika daftari, ayafanye mbele ya mtaalamu hata yakubaliwe, na akirudi kijijini awe yeye ndiye mwalimu. Siku moja ya mtaalamu yaweza kuzaa miezi sita ya kazi, ikiwa nyumbani yuko mtu wa kuisimamia.

Hapa twawaambia vijana hasa. Mnatafuta namna ya kuwatendea wema wazazi na mababu zenu, na wengine huona kwamba wema ni fedha ya kutuma. Fedha ni njema. Lakini nusu saa kila jioni ya kumshika babu kiwiliwili, kumhesabia hatua kutoka mlangoni hata kwenye mwembe, na kusubiri anapochoka bila ya kumkaripia, ni wema usioweza kutumwa kwa simu. Na atakapokuambia, "Mjukuu wangu, niache nilale," mjibu kwa adabu, "Babu, hatua tatu tu, kisha tutapumzika."

Mwili ni amana, na tutaulizwa juu yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, awape subira wale ambao hawatainuka tena, na atupe sisi tulio wazima huruma pamoja na elimu. Amin.